Mashua ya Futi 24 au ya Futi 34? Jinsi ya Kulinganisha Vyombo Viwili Vilivyotumika Kabla Hujatoa Pesa

Swali ni lile lile kila msimu: "Nimeonyeshwa mashua mbili za tanga, moja ndogo na moja kubwa, zote zimeshatumika. Nataka ya kutembezea wageni na kulala nayo visiwani, na siku ya mashindano niingize nayo. Nichukue ipi?" Anayeuliza huwa ameshika vitu viwili tu kichwani, futi na bei. Kwa vitu hivyo viwili pekee huwezi kuamua. Mashua kubwa yenye tanga lililochoka itaachwa nyuma na ndogo, na mashua ndogo iliyotunzwa vibaya itakula fedha kuliko kubwa iliyotunzwa vizuri. Lazima upime zote mbili kwa kipimo kimoja, katika maji yale yale, na uandike.

Tumeuandika mwongozo huu kwa kutazama maji ya Lamu, pwani ya Kenya, ambako mashua bado zinaundwa Matondoni na Kizingitini, ambako chombo kile kile hubeba wageni na kushindana, na ambako mkondo kati ya Lamu na Manda hujaa matanga watu wa kijiji cha Shela wanaposhindana sikukuu ya mwaka mpya. Ukiwa Unguja, Pemba, Tanga au Kilwa, hatua ni hizo hizo. Badilisha majina ya njia na ya mamlaka. Tutatumia mfano wa mashua ya futi 24, tutaiita Ndogo, na ya futi 34, tutaiita Kubwa. Vipimo vya zako vitatofautiana, na ndiyo maana unakwenda na futikamba.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Futikamba ya mita 30, chaki na daftari.
- Kisu chembamba chenye ncha, bisibisi bapa na nyundo ndogo.
- Tochi yenye mwanga mkali. Ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ni giza hata adhuhuri.
- Ndoo mbili za lita 20.
- Simu yenye dira na GPS.
- Kamba nyembamba ya mita 10 yenye chubwi (kizito cha kuizamisha), kwa kupimia kina na kuona kama mlingoti umesimama wima.
- Ratiba ya maji kujaa na kupwa ya mwezi huo.
- Watu wanne wazima wa uzito unaokaribiana. Hao utawahitaji hatua ya 8.
- Fundi wa vyombo asiyehusiana na muuzaji yeyote kati ya wawili hao. Mlipe posho ya siku wewe mwenyewe, asile ya muuzaji.
- Muda: siku mbili za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) kwa ukaguzi wa pwani, usiku mmoja majini, na siku moja ya kusafiri.

Hatua

1. Andika kazi ya chombo kabla hujakiona. Andika namba, usiandike matumaini: wageni wangapi kwa kawaida, siku ngapi za kulala nje kwa mwezi, mashindano mangapi kwa mwaka, mabaharia wangapi unaoweza kuwalipa kila siku. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Ndogo huendeshwa na watu wawili au watatu katika safari ya kawaida, na watano au sita siku ya mashindano. Kubwa inataka wanne safarini na wanane hadi kumi kwenye mashindano, kwa sababu foromali yake, mti unaobeba tanga, haipandi kwa mikono miwili. Kama huna hakika ya kupata watu wanane wanaojuana kazi, Kubwa yako itashindana ikiwa pungufu kila mwaka.

2. Angalia makaratasi. Taka cheti cha usajili, cheti cha ukaguzi cha karibuni na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Kenya hayo ni mambo ya KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya). Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli), na Zanzibar ni ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini). Linganisha jina la aliye kwenye cheti na la anayekuuzia. Chombo cha urithi chenye warithi watano kinahitaji saini za wote watano. Usikubali "nitazungumza na ndugu zangu". Kwa mashindano, iulize kamati mapema kama wanagawa vyombo kwa urefu na kama kuna kikomo cha mabaharia. Inchi sita tu zinaweza kukuweka daraja moja na vyombo vikubwa kuliko chako.

3. Pandisha vyombo vyote viwili pwani siku za bamvua. Mwili wa chombo hauukagui kikielea. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Kwa hiyo kilaze chombo juu ya mchanga laini alfajiri, kiegemee upande mmoja, na asubuhi utakuwa na saa tano au sita za kufanya kazi kukiwa kukavu. Kesho yake kilaze upande wa pili.

   *Tahadhari:* usikilaze katika kilele cha bamvua. Maji yanayofuata yatakuwa madogo, hayatakifikia, nawe utasubiri wiki mbili pamoja na muuzaji mwenye hasira. Fanya siku mbili kabla ya kilele, ili kila maji yanayokuja yawe makubwa kuliko yaliyotangulia.

4. Kagua mwili, ukianzia chini kwenda juu. Hapa usiwe na haraka. Ndipo fedha nyingi zinapookolewa au kupotea.

   *Mkuku.* Simama nyuma ya chombo, funga jicho moja, utazame mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, kutoka tezi (nyuma) hadi omo (mbele). Lazima unyooke. Ukiwa umepinda kama upinde uliofunikwa, kati juu na ncha mbili chini, chombo kimechoka uti wa mgongo. Ugonjwa huo huipata Kubwa zaidi kuliko Ndogo kwa sababu ya urefu na mizigo. Kwa safari za karibu kitaendelea kutumika. Kwa mashindano hakifai tena.

   *Mbao.* Uliza ni mti gani. Mbambakofi na mvule hudumu. Mwembe ni rahisi kupatikana lakini huoza mapema, hasa pale maji ya mvua yanapotuama. Gonga kwa nyundo kila kiganja kimoja. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu na nyundo hukurudi mkononi. Ubao uliooza hujibu "bu", na nyundo hubaki pale pale kama umegonga papai. Tia alama ya chaki kila unaposikia "bu", kisha chomeka bisibisi. Ikizama zaidi ya nusu sentimita bila nguvu, ubao huo ni wa kubadilishwa.

   *Misumari.* Sugua rangi kidogo kuzunguka vichwa vya misumari kumi, mitano karibu na mkuku na mitano karibu na mstari wa maji. Ukiona duara jeusi kwenye mti, kutu imeanza kuila mbao, na msumari wenyewe pengine umebaki mwembamba kama sindano. Duara jeusi kwenye msumari mmoja au miwili ni kawaida kwa chombo kilichotumika. Kwenye saba au minane, chombo kinataka kupigiliwa upya chote.

   *Kalafati.* Hii ni pamba inayopigiliwa kwenye maungio ya mbao kuzuia maji. Pitisha ncha ya kisu humo. Kisu kikikutana na pamba ngumu kisiweze kuingia, kalafati ni nzima. Kikizama na kutoka na nyuzi nyeusi zilizolowa, pamba imeoza. Ona pia kama muuzaji amejaza simenti au gundi juu ya pamba: vitu hivyo havichezi na mti, mti ukivimba hupasuka na kuvuta pamba nje.

   *Matundu ya wadudu.* Wadudu wa baharini huacha kitundu kidogo kama cha pini nje, na handaki pana kama kidole ndani. Tazama mkuku upande wa chini na sehemu ya usukani iliyo ndani ya maji. Uliza mara ya mwisho chombo kilipigwa moto wa makuti na kupakwa deheni (mafuta ya kuzuia maji) lini. Jibu zuri ni miezi mitatu au minne iliyopita.

   *Mataruma.* Ingia ngamani na tochi. Mataruma ni mbavu za chombo; yaliyo bora ni ya miti iliyojikunja yenyewe porini, uzi wa mti ukifuata mkunjo. Yaliyochongwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka hupasuka pale kwenye mkunjo. Hesabu yaliyopasuka. Ukikuta mawili matatu yamebandikiwa wenzake ubavuni, hayo ni matengenezo halali. Ukikuta yamepasuka kwa mfululizo upande mmoja, chombo kiliwahi kugonga mwamba.

   *Tahadhari:* deheni mbichi na rangi mpya hufunika yote hayo. Usikatae chombo kwa sababu kimepakwa, ila usikubali kuambiwa usikwangue.

5. Pima, upate namba tatu. Nadharia ni hii tu.

   Ya kwanza ni urefu kwenye mstari wa maji, kutoka pale maji yanapogusa omo hadi yanapogusa tezi. Urefu wa juu hauna kazi hapa. Ndogo yetu ina mita 6.1, Kubwa 8.8. Tafuta kipeuo cha pili (√) cha mita hizo, uzidishe kwa 2.43: hizo ndizo noti (maili za bahari kwa saa) ambazo chombo kizito cha mbao hakivuki kirahisi hata upepo ukizidi. Ndogo hupata 6.0, Kubwa 7.2.

   Ya pili ni ukubwa wa tanga. Litandaze pwani. Pima upande unaofungwa kwenye foromali, kisha pima kwa pembe mraba kutoka upande huo hadi pembe ya demani, ile pembe ya tatu iliyo huru. Zidisha, gawa kwa mbili. Ndogo: 9 × 7 ÷ 2 = mita za mraba 31.5. Kubwa: 12 × 10 ÷ 2 = 60.

   Ya tatu ni tanga kwa eneo la maji: gawa tanga kwa urefu wa mstari wa maji mara upana wa chombo hapo hapo kwenye maji. Ndogo: 31.5 ÷ (6.1 × 1.9) = 2.7. Kubwa: 60 ÷ (8.8 × 2.6) = 2.6.

   Sasa tazama. Kwa upepo mkali Kubwa ina noti moja zaidi, na hakuna ujanja utakaoziba pengo hilo. Kwa upepo mdogo zinakaribia kuwa sawa, na aliye mwepesi ndiye mwenye nafasi. Kwa hiyo uliza mashindano unayoyataka hufanyika na upepo gani: asubuhi ya umande (upepo mwepesi kutoka bara), au alasiri kaskazi ikiwa imekaza?

6. Mlingoti, foromali, tanga na kamba. Mlingoti wa mvinje utazame pale unapopita kwenye boriti na pale unapokalia juu ya mkuku. Sehemu hizo mbili huoza kwa siri. Chomeka kisu. Foromali huungwa kwa vipande viwili au zaidi. Kamba za kwenye maungio ziwe zimekaza kiasi kwamba kidole hakipiti. Tanga liinue dhidi ya jua. Ukiona mwanga kama unatazama kupitia chandarua, kitambaa kimeisha hata kama hakina kiraka. Jaribu kulichana kwa vidole ukingoni: kitambaa kizima hakichaniki. Kagua dasi, kamba ile iliyoshonwa ukingoni, kwa urefu wake wote. Ikilegea, tanga hupoteza umbo na joshi, yaani kuelekea upepo, huwezi kwenda. Vuta henza na jarari (kamba za kupandishia foromali) kwenye kapi ukiwa umeweka kidole, usikie kama kuna sehemu inakwaruza.

   Uliza kama kuna matanga mawili. Chombo cha mashindano kikiwa na tanga kubwa la upepo mdogo na dogo la upepo mkali kina thamani kubwa kuliko chenye rangi nzuri.

7. Kilaze majini usiku mmoja na upime maji ya ngama. Kama chombo kilikuwa juu kwa wiki kadhaa, kiache kielee siku tatu kwanza mbao zivimbe na kuziba. Maji ya siku ya kwanza si ushahidi wa lolote. Kisha fua (chota na kumwaga) maji yote jioni, urudi baada ya saa 12, ufue kwa ndoo ukihesabu. Ndogo ikitoa ndoo mbili au tatu ni chombo cha kawaida cha mbao. Kubwa ihesabie mara mbili, maana ngozi yake inayogusa maji ni mara mbili. Ndogo ikifika ndoo kumi, kalafati inataka kazi ya upya, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

   Pima tena siku ya safari ya majaribio. Chombo kinachokaa kikavu nangani kikavuja tanga likiwa juu kina mbao zinazocheza kwenye misumari. Hilo ni baya kuliko uvujaji wa nangani.

8. Pima uthabiti. Maji yakiwa yamesimama na hakuna mawimbi, pima kimo kutoka maji hadi ukingo katikati ya chombo. Waketishe watu wanne kwenye ukingo wa upande mmoja, pima tena upande huo. Ndogo ya mfano wetu itashuka kama sentimita 20 hadi 25. Kubwa, nusu ya hapo. Rudia baada ya kuweka farumi ya kawaida, viroba vya mchanga, chini kabisa. Ikiwa baada ya watu wanne ukingo umebaki chini ya sentimita 25 juu ya maji, sisi tusingebeba wageni ndani ya chombo hicho kwenye maji ya nje. Mashua haina sitaha: ukingo ukizama mara moja, maji huingia kwa mkupuo na hakuna kufua kutakaoyawahi.

9. Safiri na zote mbili siku moja. Siku mbili tofauti ni pepo mbili tofauti. Ikiwezekana ziende ubavu kwa ubavu, mabaharia wabadilishane vyombo katikati. Fanya haya manne:

   a. *Joshi.* Maji yakiwa yamesimama, panda joshi kadiri chombo kinavyokubali bila tanga kupwaya. Andika mwelekeo wa GPS, siyo wa omo, kwa sababu chombo husukumwa ubavu. Pindua, panda joshi upande wa pili, andika tena. Tofauti ya digrii 110 hadi 120 ni chombo kizuri cha mashindano. Hadi 135 ni cha kawaida. Ikizidi 140, tanga limechoka au mkuku ni mfupi mno, na safari ya mbisho (kwenda dhidi ya upepo) itakuwa ndefu.

   b. *Kupindua.* Hesabu sekunde kuanzia amri ya nahodha hadi tanga livute upande mpya. Fanya mara sita kwa joshi (upepo ukipita mbele) na mara mbili kwa damalini (upepo ukipita nyuma). Katika mkondo mwembamba mtapindua mara nyingi, na kila kupindua ni deni. Ndogo ikitumia sekunde 20 na Kubwa 45, katika kupindua mara kumi Kubwa imeacha zaidi ya dakika nne nyuma yake. Noti moja ya ziada haiwezi kuzirudisha dakika hizo katika njia fupi.

   c. *Kana.* Ni mti wa kushikia usukani. Ishike kwa mkono mmoja. Chombo kuvutwa kidogo kuelekea joshi ni vizuri, kunakulinda. Ukilazimika kusimama na kusukuma kwa mwili mzima, kila nguvu unayoitoa ni usukani unaokivuta chombo nyuma.

   d. *Mwendo wa kubeba.* Pakia uzito wa safari halisi: watu, maji ya kunywa, chakula, magodoro, jiko. Pima mwendo kwenda na kurudi kwa njia ile ile, kisha gawa kwa mbili kuondoa mkondo wa maji. Ndogo huumia hapa. Kilo 500 ndani ya chombo cha tani mbili ni robo ya uzito wake. Ndani ya chombo cha tani tano na nusu ni chini ya sehemu ya kumi.

10. Piga hesabu ya gharama kwa mwaka, siyo ya kununua. Futi 34 ni futi 24 mara 1.4 tu, ndiyo maana bei ya Kubwa inaweza kukuvutia. Lakini ngozi ya chombo na kitambaa cha tanga hukua kwa mraba: mara 2. Ujazo na uzito wa mti hukua kwa mara 2.8. Kwa hiyo deheni, pamba ya kalafati, misumari na tanga vihesabie mara mbili ya Ndogo. Mbao za kubadilisha, nanga, kamba na nguvu ya kuvuta chombo pwani vihesabie karibu mara tatu. Zidisha kila upandishaji kwa mara tatu au nne kwa mwaka. Ongeza posho za mabaharia uliowaandika hatua ya 1. Mara nyingi hapo ndipo jibu linapojitokeza lenyewe.

11. Weka vyombo juu ya njia zako. Pima kwa kamba yenye chubwi kina cha njia, na kina cha chombo kutoka mstari wa maji hadi chini ya mkuku. Kufika magofu ya Takwa, kule Manda, unapita mkono wa bahari wenye mikoko ambao hupitika maji yakijaa tu. Mkanda, njia kati ya Manda na bara, nayo ina vina vifupi maji yakipwa. Kila sentimita 30 ambazo Kubwa inazama zaidi zinakupunguzia muda wa kupita kila siku, na wageni hawasubiri maji. Kwa upande wa pili, Kiwayu ni karibu maili 27 za bahari kutoka Lamu. Kusi ikivuma unakwenda nayo mgongoni na kurudi ukiipiga mbisho; hapo, pamoja na watu wanane wanaolala ndani, Kubwa ni raha na Ndogo ni adhabu.

    Maoni yetu ni haya. Kwa anayeanza, ambaye kazi yake kubwa ni wageni wanne hadi sita wa safari ya siku moja na mashindano mawili au matatu kwa mwaka, Ndogo iliyo nzima ndiyo ya kununua. Kubwa ni ya mwenye mabaharia wa kudumu na oda za safari za kulala.

Makosa yanayorudiwa

Kununua chombo kwa sababu kilishinda mwaka jana. Waulize mabaharia walioshinda nacho kama watabaki. Mara nyingi ushindi ulikuwa wao.

Kufanya jaribio la mwendo mkondo ukiwa na nguvu. Maji ya bamvua yanakimbia kiasi cha kuifanya mashua yoyote ionekane bingwa.

Kujaribu Ndogo bila mzigo na Kubwa ikiwa na ukoo mzima wa muuzaji ndani.

Kusahau viroba. Siku ya mashindano viroba vya mchanga huhamishwa upande wa upepo kila mnapopindua. Kiroba kimoja kilichobaki upande wa demani (usio wa upepo) wakati upepo unakaza kimepindua vyombo vingi. Mpe mtu mmoja kazi hiyo peke yake, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea.

Mambo yakienda kombo

*Chombo kinavutwa mno kuelekea joshi.* Kabla hujakilaumu chombo, sogeza farumi nyuma kidogo, viroba viwili kwa wakati mmoja. Haikutosha, simamisha mlingoti uelekee omo zaidi. Tazama pia kama tanga limevimba nyuma kwa uzee.

*Chombo hakikubali kupindua kwa joshi, kinasimama katikati.* Mwendo ulikuwa mdogo au mzigo uko nyuma sana. Kiachie kidogo kwanza kipate kasi, ndipo usukume kana taratibu. Kikikataa tena na tena kikiwa kitupu, safisha magamba na mwani chini, ujaribu tena kabla ya kukikataa.

*Maji huingia upande mmoja tu tanga likiwa juu.* Mbao za juu ya mstari wa maji zimekauka kwa jua na sasa zimezamishwa. Zimwagie maji ya chumvi asubuhi na jioni kwa siku tatu, kisha jaribu. Yakiendelea, ni kalafati.

*Mlingoti unalia kila wimbi.* Kabari za kwenye boriti zimelegea. Gonga mpya za mti mgumu. Sauti ikitoka chini, kwenye mkuku, simamisha safari: kikalio kinafunguka.

*Foromali inagoma kupanda nusu njia.* Kapi imevimba au jarari ni nene kuliko tundu lake. Paka shahamu, au badilisha kamba kwa nyembamba kidogo iliyo mpya.

*Fundi wako na wa muuzaji wanapingana kuhusu ubao.* Mwombe muuzaji ruhusa ya kutoboa tundu dogo la keekee mahali penye ubishi. Unga unaotoka ukiwa mkavu na wa rangi ya mti, ubao ni mzima. Ukitoka mweusi na kunata kwenye vidole, usibishane tena. Ziba tundu kwa kijiti na pamba, andika bei ya ubao huo, uitoe kwenye bei ya chombo.

*Vyombo vyote viwili vimefeli hatua ya 4.* Usichague kilicho na nafuu. Kusi ikianza kukaza vyombo vingi huvutwa juu, na hapo utapata vya kukagua bila kungoja bamvua. Ila kumbuka sharti la siku tatu za kuelea kabla hujahesabu ndoo.